VITABU TUNAVYOVISOMA KWA KUJIFICHA



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.T.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, kila mwaka jarida letu hubeba makala za swala, saumu, adabu za mwanafunzi na haki za wazazi. Makala hizo tunazihitaji, na mimi mwenyewe nimefaidika nazo. Mwaka huu nimeomba nafasi niandike juu ya jambo ambalo sijaliona likiandikwa hapa, ingawa najua limo ndani ya mikoba ya wengi wetu na ndani ya simu za wengi zaidi. Nalo ni vitabu vya hadithi, hasa zile riwaya nene za Kiingereza zinazoandikwa kwa ajili ya vijana, zenye wachawi, majitu, farasi wanaosema na nchi zisizokuwepo kwenye ramani yoyote.

Mimi si sheikh, na hapa sitoi fatwa. Wapo wanavyuoni wanaozikataza riwaya hizi moja kwa moja, na hoja zao ni nzito. Wapo wanaoziruhusu kwa masharti. Mimi ni msomaji tu. Nimezisoma nyingi, nyingine mara mbili, na nitasema nilichokiona humo, kizuri na kibaya. Aliye na elimu zaidi yangu na anisahihishe.

KISA CHANGU

Nilikuwa na miaka 14. Rafiki yangu wa shule aliniazima kitabu cha Harry Potter kilichokwisha kutoka jalada, kimefungwa kwa mpira ili kurasa zisipotee. Akaniambia, "Siku tatu tu, kuna mwingine anakingoja." Wakati huo hapa chuoni nilikuwa nahifadhi Suratul Kahf.

Siku tatu hizo sikulala. Nilikuwa nangoja Mama azime taa ya ukumbini, kisha najifunika shuka na kuwasha tochi ya simu. Alfajiri nikiamshwa naitika, "Nimeamka," halafu narudi kulala mpaka jua linatoka. Jioni ya siku ya tatu nikakaa mbele ya Maalim anisikilize hifdhi. Nikasoma aya chache, nikakwama. Nikarudi mwanzo, nikakwama palepale.

Maalim akaniuliza, "Una nini leo, mwanangu?"

Nikamjibu, "Kichwa kinaniuma, Maalim."

Akaniombea dua, akaniruhusu niende nyumbani mapema. Nilipoinuka kuchukua mkoba, ule mpira ukakatika na kurasa za Harry Potter zikamwagika mkekani mbele ya darasa zima.

Nilidhani nitachapwa. Maalim hakunichapa. Aliziokota kurasa moja moja, akazipanga, akaondoka nazo. Wiki nzima nikawa namkimbia rafiki yangu shuleni kwa sababu anadai kitabu chake. Siku ya nane, baada ya Isha, Maalim alikuja nyumbani kwetu, akamkabidhi Mama kitabu mkononi. Nikaitwa.

Maalim akasema, "Nimekisoma chote. Mengine yamenichekesha, mengine sikuyapenda, na nitakwambia ni yapi. Lakini, mwanangu, kitabu hiki hakikukuamrisha useme kichwa kinakuuma. Hilo umelitoa wewe."

Maneno hayo yaliniuma kuliko bakora. Mama alikuwa ameinamisha uso, na mimi nilijua anakumbuka zile alfajiri nilizomwambia nimeamka. Maalim akaniwekea sharti: nikitaka kusoma, nisome ukumbini taa ikiwaka, baada ya kazi za chuo na za shule, na nikimaliza niende nikamsimulie. Sharti hilo nimelishika mpaka leo, na karibu yote nitakayoyasema hapa yametokana nalo.

JE, DINI YETU INACHUKIA HADITHI?

Wenzetu wengine husema kuwa hadithi za kubuni ni uongo mtupu, na Muislamu hana haja nazo. Hutoa mfano wa An-Nadhr bin Al-Harith wa Makka. Mtu huyu alikuwa amejifunza visa vya wafalme wa Uajemi, habari za Rustam na Isfandiyar. Kila Mtume (S.A.W.) alipomaliza kuwaita watu kwa Allah, yeye huja nyuma yake akakaa palepale na kuwapigia watu hadithi zake, ili wasahau waliyoyasikia. Wafasiri wengi wanamtaja wanapoieleza aya ya 6 ya Suratu Luqman, inayowakemea wanaonunua maneno ya upuuzi ili kuwapoteza watu.

Mfano huu ni wa kweli na mimi unanitisha, kwa sababu usiku ule chini ya shuka Harry Potter alikuwa amekalia kiti cha Suratul Kahf. Lakini tutazame vizuri kosa la An-Nadhr. Alizitumia hadithi kuwa pazia la kuwazuia watu wasiisikie haki. Kama hadithi yenyewe ingekuwa haramu, tungesemaje juu ya hadithi maarufu ya Ummu Zar'i, ambapo Mtume (S.A.W.) alimsikiliza Bibi Aisha (R.A.) akisimulia kisa kirefu cha wanawake kumi na mmoja na habari za waume zao, mpaka akamaliza?

Ipo riwaya nyingine naipenda zaidi, imo katika Sunan ya Abu Daud. Mtume (S.A.W.) alirudi kutoka katika vita, na upepo ukafunua pazia, vikaonekana vinyago vya kuchezea vya Bibi Aisha. Katikati yao alikuwamo farasi mwenye mbawa mbili za kitambaa. Mtume (S.A.W.) akamuuliza: farasi ana mbawa? Bibi Aisha akajibu kwa kuuliza kama hakusikia kuwa Nabii Suleiman (A.S.) alikuwa na farasi wenye mbawa. Mtume (S.A.W.) akacheka mpaka magego yake yakaonekana.

Tafakari, ndugu yangu. Hakumpokonya. Alimuuliza, akamsikiliza, akacheka naye. Sisemi kwamba riwaya hii inahalalisha kila kitabu kinachouzwa mjini. Nasema kwamba mtoto wa Kiislamu aliyemuwazia farasi mwenye mbawa alipata mtu wa kumuuliza kwa upole, na alikuwa na jibu kwa sababu hakuficha.

Na hiyo Suratul Kahf niliyoshindwa kuisoma imejaa nini? Vijana waliolala pangoni miaka mia tatu na tisa kwa hesabu ya mwezi. Nabii Musa (A.S.) akisafiri na mja mwema anayetoboa jahazi na kusimamisha ukuta. Dhulqarnayn na ukuta wa Yaajuj na Maajuj. Hayo ni maajabu, na sisi tunaamini ni ya kweli. Kijana aliyekulia na maajabu haya asionekane mpotevu moyo wake ukipenda hadithi za safari na mapango. Kosa langu lilikuwa kuacha la kweli likasahaulika kwa ajili ya la kubuni.

UCHAWI WA KITABUNI NA UCHAWI WA MTAANI

Sasa tuje kwenye neno linalowatisha wazazi wengi: uchawi.

Sihri ni katika madhambi saba yaangamizayo. Katika hadithi sahihi imetajwa mara tu baada ya shirki. Hapo hakuna mjadala. Wala kwetu uchawi si mchezo wa kofia ndefu na ufagio. Mtoto wa Uingereza akisoma habari za mchawi anacheka, kwa sababu mtaani kwake hajamwona mtu aliyefukuzwa nyumbani kwa neno hilo. Sisi tunayo. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya shutuma hizo hukutwa ugomvi wa ardhi. Tanzania nayo imezika vikongwe wengi waliohukumiwa na majirani kwa sababu ya macho mekundu tu. Kwa hiyo bibi yangu alipomwona mdogo wangu akizungusha kijiti na kutamka maneno aliyoyaokota kwenye filamu ya Harry Potter, hakucheka. Alimnyang'anya kijiti akakitia jikoni, na mimi simlaumu.

Lakini niruhusiwe kusema jambo ambalo halitawapendeza wote. Zipo nyumba zinazomnyang'anya mtoto kitabu cha mchawi wa kubuni, kisha mtoto yuleyule akiugua homa anapelekwa kwa mganga kupigiwa ramli, ajulikane jirani gani kamroga, na anarudi na hirizi mkononi. Kitabu kinaitwa haramu. Ramli inaitwa dawa. Wakati Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa anayemwendea mtabiri akamuuliza jambo, swala yake haikubaliwi siku arubaini. Mtoto anaona yote mawili. Je, mnadhani anajifunza nini?

Kwa maoni yangu, mtoto anayefundishwa Ayatul Kursiy, Suratul Falaq na Suratun Nas pamoja na maana zake, na akaona wazazi wake wanamtegemea Allah peke yake wakati wa shida, hatapotezwa imani na mvulana wa kitabuni mwenye miwani. Asiyefundishwa hivyo atapotezwa hata kama nyumbani hakuna kitabu chochote.

VITABU NILIVYOVISOMA

Nitavitaja baadhi, na kila kimoja nitasema maoni yangu bila kupaka rangi.

Harry Potter. Ni vitabu saba, cha kwanza kilitoka mwaka 1997 na cha mwisho mwaka 2007. Ni kisa cha yatima anayelazwa kwenye kabati chini ya ngazi na mama yake mkubwa, kisha akiwa na miaka 11 anapelekwa shule ya wachawi. Kilichonigusa ni yule yatima, kwa sababu Qur'ani imetukemea sana juu ya yatima, na huku kwetu wapo wanaolala mahali pabaya kuliko kabati. Kilichonigusa pia ni kwamba adui mkubwa wa kitabu ni mtu anayeogopa kufa kiasi cha kuua wengine ili yeye abaki. Sisi tunajua mauti hayana mlango wa kuyakimbia, kwa hiyo somo hilo nilielewana nalo. Ambalo sikulipenda ni kwamba katika shule ile kupiga ramli ni somo la darasani. Mwalimu wake anafanyiwa dhihaka, lakini utabiri wake mmoja mmoja unatimia. La pili, watoto wale wanawadanganya walimu wao mara kwa mara, na katika kitabu cha kwanza mwisho wanaongezewa alama. Maalim aliniambia hilo ndilo lililomsumbua zaidi. Nilipolifikiria, nikaona kweli: uchawi wao sikuweza kuuiga hata kama ningetaka, lakini uongo wao niliuiga siku ileile.

Narnia. Ni vitabu saba vya C. S. Lewis, vilivyotoka kati ya mwaka 1950 na 1956. Lewis alikuwa Mkristo aliyeandika kwa ajili ya imani yake, na simba wake anayekufa na kufufuka ana maana ya Kikristo. Msomaji Muislamu alijue hilo tangu mwanzo, asije akashangaa katikati. Lakini kilichoniumiza ni kitabu cha The Horse and His Boy. Mvulana na farasi anayesema wanatoroka kutoka nchi ya kusini kwenda kaskazini kwenye uhuru. Nilikuwa nashangilia, mpaka nilipowatazama vizuri hao watu wa kusini. Wana ngozi nyeusi, ndevu, vilemba na majambia yaliyopinda. Wako ng'ambo ya jangwa. Na wanaabudu sanamu lenye kichwa cha ndege. Nikafunga kitabu. Kumbe mimi, babu yangu na kilemba chake, tumo kwenye kundi la maadui, na tumesingiziwa sanamu ambalo dini yetu ilikuja kulivunja. Ni haki kusema kuwa msichana shujaa wa kitabu hicho, Aravis, naye ni wa kusini, na kwamba katika kitabu cha mwisho yumo askari mmoja wa kusini aliye mkweli na anaheshimiwa. Lakini mtoto wa miaka kumi hatayapima hayo. Atajifunza tu kwamba mwenye kilemba ni mbaya. Hicho kwangu ni hatari kuliko jini la kabatini.

The Lord of the Rings. Kazi ya J. R. R. Tolkien, ilitoka mwaka 1954 na 1955. Ni ndefu na mwanzo wake unachosha. Pete moja inampa mtu nguvu, na kila anayeitaka kwa nia njema inamharibu. Sijasoma kitabu cha kubuni kilichonifahamisha zaidi maana ya kupigana na nafsi. Mwisho, yule aliyebeba pete safari nzima anashindwa kuiachia, na kinachookoa mambo ni huruma aliyowahi kumfanyia adui dhalili. Hapa pia watu wa kusini wenye tembo wako upande wa uovu, na hilo sikulipenda. Lakini kuna mahali mtumishi Sam anaiona maiti ya askari mmoja wa kusini, anajiuliza kama kweli alikuwa mtu mbaya, au alidanganywa tu na kutolewa kwao kwa vitisho. Ni mistari michache, nami niliisoma mara kadhaa.

Percy Jackson. Cha kwanza kilitoka mwaka 2005. Mwandishi Rick Riordan alianza kumsimulia mwanawe aliyekuwa na shida ya kusoma, na shujaa wake naye ana shida hiyohiyo. Mwanafunzi mzito wa kusoma atafarijika. Tatizo lake ni kubwa na liko wazi: miungu ya Wayunani inatembea mjini kama watu. Binafsi sikumpa mdogo wangu. Nilimwambia asubiri mpaka aweze kunieleza Suratul Ikhlas kwa maneno yake. Katika vitabu vyake vya baadaye, vilivyoanza mwaka 2015, mwandishi huyo amemweka msichana Muislamu, Samirah, anayevaa hijabu, anayefunga Ramadhani na asiyekubali kuwaita viumbe wale mungu. Nilifurahi kumwona, ingawa kazi anayopewa katika kisa chenyewe ni ya ibada za wapagani, na hilo halikukaa sawa moyoni.

Twilight. Mwaka 2005. Hiki nitasema waziwazi kwa wasichana wenzangu: ndicho kilichonisumbua kuliko vyote. Kijana mnyonya damu anaingia chumbani kwa msichana usiku bila yeye kujua, anakaa kumtazama akiwa amelala, na kitabu kinaita hayo mapenzi. Msichana anaacha kila kitu chake kwa ajili yake. Mzazi akiuliza, "Kina uchawi?" atajibiwa, "Hakina," naye ataridhika. Dada yangu, mwanamume anayekunyemelea bila idhini yako na bila walii wako kujua hakupendi. Mkimbie, awe wa kitabuni au wa mtaani.

The Hunger Games. Mwaka 2008. Uchawi hakuna hata chembe. Watoto 24 wanalazimishwa kuuana huku matajiri wakiwatazama kwenye televisheni. Damu ni nyingi, na haifai kwa wadogo. Lakini mwanzo wake, dada mkubwa anajitoa aende yeye mahali pa mdogo wake wa miaka 12. Na kitabu kizima kinauliza: anayeitazama dhulma na kuburudika nayo, je, hana sehemu yake? Sisi tunaotazama maiti za watoto kwenye simu kisha tukatelezesha kidole kwenda kwenye vichekesho, swali hilo linatuhusu.

Does My Head Look Big in This? Mwaka 2005, mwandishi ni Randa Abdel-Fattah wa Australia. Hiki si cha maajabu. Amal, msichana wa miaka 16 wa Melbourne, anaamua kuvaa hijabu moja kwa moja katika shule ambayo hakuna mwingine anayeivaa. Anachekesha, anakosea, anagombana na mama yake kama sisi. Kijana anapomtaka kumbusu, anamkatalia na kumweleza kwa nini. Na furaha yake ya mwisho haikuja kwa kuivua hijabu. Kabla yake nilikuwa sijakutana na riwaya ya Kiingereza ambamo msichana kama mimi si wa kuokolewa.

TUSISAHAU VYA KWETU

Wapo wanaodhani hadithi za maajabu ni mali ya Wazungu. Si kweli. Bibi zetu walitulaza kwa Abunuwasi na visa vya Alfu Lela U Lela. Na Sheikh Shaaban Robert, Muislamu wa Tanga aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, alituandikia Kusadikika, nchi iliyo angani, ambamo Karama anashtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria. Alituandikia pia Adili na Nduguze, ambamo ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, wanageuzwa manyani kwa ubaya waliomfanyia ndugu yao. Adili analazimika kuwapiga kila usiku, na roho inamuuma. Jini yumo, bahari imo, mageuzo yamo. Lakini ukifunga kitabu unabaki na swali la husuda na la kusamehe ndugu. Nilikisoma baada ya Harry Potter, nikaona haya kwamba nilimtafuta wa mbali kwanza na huyu yuko rafuni kwa Babu.

VIPIMO VINNE

Kwa kumsimulia Maalim kila kitabu, nimejipatia vipimo vinne. Navitoa kwenu, mvichambue.

Kwanza: je, naweza kukisoma mbele ya Mama? Kama siwezi, basi ama kitabu kina kasoro, ama mimi.

Pili: kimenifanya nimpende nani? Si kila mwovu kitabuni ni tatizo. Firauni yumo ndani ya Qur'ani. Tatizo ni pale mwovu anapopambwa mpaka nikatamani kuwa yeye.

Tatu: watu wangu na dini yangu wamewekwa wapi humo?

Nne: nilipokuwa nakisoma, swala yangu na hifdhi yangu zilikuwaje? Kitabu kinachokula Alfajiri yako kimekuwa An-Nadhr wako, hata kama ndani yake hamna neno baya.

NENO KWA WAZAZI NA WALIMU

Wazazi wetu wapendwa, kwa heshima nasema: katazo peke yake halitoshi. Zamani kitabu kilikuwa kinene na kinaonekana. Leo vitabu elfu vinakaa ndani ya simu. Ukimkataza mtoto bila kumuuliza, hataacha. Atajifunza kuficha, na akishazoea kuficha kitabu, kesho ataficha jambo kubwa zaidi. Muulize, "Unasoma nini? Nisimulie." Usome angalau kurasa ishirini. Ukikikataa baada ya hapo, atajua umekikataa kwa kukijua. Vipo vya kukataliwa, na mimi nimevitaja.

Na walimu wetu, Allah awalipe kheri. Naomba madrasa yetu iwe na kabati moja la hadithi zilizochujwa: visa vya Mitume na masahaba kwa lugha ya vijana, Shaaban Robert, na riwaya nzuri zilizoandikwa na Waislamu wa nchi mbalimbali. Haliwezi kuwa tupu kisha tukalaumiwa kwa kuazima kwa jirani.

NENO KWA WENZANGU

Ndugu zangu wanafunzi, sitawaambia msome wala msisome. Nawaambia msiseme uongo. Mimi nilipoteza wiki moja ya kitabu, na nikakirudisha. Lakini nilichukua mwezi mzima kabla Mama hajaacha kuingia chumbani Alfajiri na kunitazama usoni kuhakikisha kama kweli nimeamka. Hicho ndicho nilicholipa kwa siku tatu zile.

Suratul Kahf nimeihifadhi, alhamdulillah. Nilipomaliza, Maalim aliniuliza swali moja: katika visa vyake vyote, ningependa kusimulia upya kipi kwa watoto wadogo? Nikachagua vijana wa pangoni. Sasa kila Alkhamisi baada ya Alasiri nawasimulia watoto wa darasa la kwanza, nao hawataki kuondoka kabla sijawaambia yule mbwa alikuwa amelala wapi.

Tunamuomba Allah atupe elimu yenye manufaa, atulinde na sihri na uongo, na atujaalie tuwe watu ambao siri yetu ni bora kuliko dhahiri yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mwanafunzi, darasa la jioni la wasichana